Daktari wa Jicho Moja na Orodha ya Hospitali

Katika kurasa hizi mmezoea kusoma habari za wafalme, za wavumbuzi wa mito na za wahubiri. Mimi nimemchagua tabibu, jina lake Denis Parsons Burkitt. Nimemchagua kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba sehemu kubwa ya kazi yake ilitegemea msaada wa hospitali ya Kuluva, ambayo mtu wa Arua Hill aweza kuifikia kwa baiskeli kabla jua halijawa kali. Ya pili ni kwamba sisi wa kidato cha sita mwaka huu twajifunza kuandika programu za kompyuta, na liko somo moja linalowasumbua wengi darasani: namna ya kuchukua orodha, kuipa fanksheni, na kukipima kila kilichomo kwa sharti. Nilipokuwa nikisoma maisha ya Burkitt nililiona somo hilohilo likifanywa kwa barua, kwa ramani na kwa gari kuukuu, siku ambazo hapakuwa na kompyuta yoyote West Nile.

Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 karibu na mji wa Enniskillen, nchini Ireland. Baba yake alikuwa mhandisi mpima ardhi wa serikali, naye alipenda mno ndege. Alikuwa akiwafunga pete miguuni ndege wadogo wa bustani yake, kisha akachora ramani kuonyesha mpaka wa kila ndege. Yafaa mlikumbuke jambo hili la ramani, maana mwana alilirithi.

Alipokuwa na umri wa miaka 11, jiwe lililotupwa na mtoto mwingine lilimpiga usoni, likavunja miwani yake, na jicho moja likapotea. Akaendelea na shule kwa jicho lililobaki. Alikwenda Trinity College mjini Dublin ili awe mhandisi kama baba yake, lakini baadaye akabadili nia akasoma uganga, akafaulu mwaka 1935. Kisha akajifunza upasuaji. Alipoomba kazi ya udaktari katika makoloni ya Afrika alikataliwa kwa sababu ya jicho lake. Basi vita vikaja, akaingia jeshini, akapata kufika Afrika Mashariki akiwa askari tabibu. Vita vilipokwisha aliomba tena, na safari hii akakubaliwa. Mwaka 1946 akatumwa Lira, wilaya ya Lango, ng'ambo ya mto Nile kutoka kwetu.

Huko Lira alipasua wagonjwa wengi wa busha. Daktari mwingine angepasua, akashona, akanawa mikono. Burkitt aliwauliza wagonjwa wanatoka wapi. Akaona kwamba upande mmoja wa wilaya ulikuwa na busha jingi na upande wa pili lilikuwa haba sana. Akaandika habari hiyo katika jarida la waganga. Ilikuwa kazi ndogo, na wachache waliijali, lakini mimi naiona kuwa mlango wa mengine yote. Mwaka 1948 alihamishiwa Mulago, Kampala.

Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita wodini amtazame mtoto wa kiume wa miaka mitano hivi. Taya za mtoto zilikuwa zimevimba pande zote nne, juu na chini, kulia na kushoto, na meno yake yalikuwa yakilegea. Uvimbe wa upande mmoja Burkitt aliujua. Lakini pande nne kwa mara moja! Hakuwa na jibu, na mtoto hakupona. Majuma machache baadaye alikuwa Jinja, akachungulia dirishani, akamwona mtoto wa kike nje, uso umevimba vilevile pande zote nne. Akatoka mbio. Alipompima akakuta na tumbo nalo lina uvimbe. Akawachukua mama na mtoto hadi Mulago.

Tangu siku hiyo hakutulia. Akafungua madaftari ya hospitali na kumbukumbu za maiti zilizopasuliwa, akakuta kwamba watoto wengi waliokuwa na uvimbe wa taya walikuwa na uvimbe katika figo, katika ini na mahali pengine pia. Waganga walikuwa wakiziita saratani hizi kwa majina mengi, kila moja kwa mahali ilipoonekana, kumbe ilikuwa moja tu. Mwaka 1958 aliandika habari yake ya kwanza, na baadaye wenzake wa maabara wakathibitisha kuwa ni limfoma, saratani ya chembe za damu. Ilikuwa saratani ya watoto iliyoongoza kwa wingi pale Mulago, nayo huua katika miezi michache isipotibiwa.

Sasa nitasimama kidogo nieleze somo letu la kompyuta, kwa maana bila hilo hamtaona ukubwa wa jambo lililofuata.

Tuseme mwalimu wa zamu anapita bwenini asubuhi. Vitanda ni orodha. Mkuu wa shule amempa swali moja la kuuliza katika kila kitanda: je, kimetandikwa? Jibu ni kweli au si kweli, hakuna la tatu. Juma lijalo mkuu aweza kumpa swali lingine: je, chandarua kimefungwa vizuri? Mwalimu ni yuleyule, vitanda ni vilevile, mwendo ni uleule, lakini swali ni jipya. Hivyo ndivyo ilivyo katika lugha ya JavaScript tunayofundishwa. Orodha ina watumishi wake wa kutembea, na wewe wamkabidhi mtumishi fanksheni ndogo iliyo na swali. Fanksheni hiyo huiiti wewe. Yeye ndiye aiitaye, mara moja kwa kila kitu. Ndiyo maana huitwa kolibeki.

Watumishi hao si wa namna moja. Yupo filter, ambaye hupita orodha nzima na kukuletea orodha mpya ya vile tu vilivyojibu kweli, na ile ya kwanza huiacha kama ilivyokuwa. Yupo some, ambaye anataka kujua kama yuko hata mmoja, naye akimpata wa kwanza husimama palepale. Na yupo every, mkali kuliko wote, ambaye anataka wote wajibu kweli, na akikutana na mmoja tu wa si kweli hukata safari na kurudi na jibu la hapana. Ajabu ni kwamba ukimpa every orodha isiyo na kitu ndani hukujibu kuwa wote wametimiza sharti. Jambo hili liliwachekesha darasani, lakini fikirini: hakuna hata mmoja aliyelivunja.

Basi, turudi Mulago. Burkitt alipewa na serikali paundi 25 za kufanyia utafiti. Kwa fedha hizo alichapisha karatasi zenye picha za watoto wenye uvimbe, na swali: je, mmewahi kuuona ugonjwa huu hapo mlipo? Akazituma kwa hospitali za serikali na za misheni kote Afrika, zaidi ya 1,000. Majibu yalipoanza kurudi alitundika ramani ukutani na kuchomeka pini kila mahali palipojibu kuwa ndiyo. Kama ningeiandika kazi hiyo leo katika daftari langu ingekuwa mstari mmoja tu: hospitali.filter(h => h.uvimbe). Kwake yeye ilikuwa kazi ya miaka.

Pini zikaonyesha mshipi mpana uliokatiza Afrika katikati, kaskazini na kusini ya Ikweta, na mkia ulioteremka upande wa mashariki kuelekea Msumbiji. Nje ya mshipi, hakuna. Na ndani ya mshipi kulikuwa na matundu: nyanda za juu za Kigezi, Rwanda na Burundi hazikuwa na pini.

Lakini hapa pana jambo ambalo programu huliadhibu kimyakimya. Fanksheni ikisahau kurudisha jibu, kompyuta haikugombezi. Huhesabu ukimya kuwa si kweli, na kitu hicho hutupwa nje ya orodha. Ndivyo ilivyokuwa na ramani ile. Mahali pasipo na pini palikuwa na maana mbili: labda ugonjwa haupo, au labda barua haikujibiwa, au daktari alikuwa likizoni, au picha hazikueleweka. Burkitt hakukubali ukimya uwe hapana. Aliamua kwenda mwenyewe.

Hapo ndipo Kuluva inapoingia. Daktari Ted Williams wa hospitali ile, aliyekuja na Africa Inland Mission, alikubali kwenda naye, pamoja na daktari mwingine wa misheni, Cliff Nelson kutoka Kanada. Walinunua gari la Ford lililokwisha tumika, kwa paundi 250. Oktoba 1961 wakaondoka Kampala kuelekea kusini. Walikwenda majuma kumi, maili 10,000, wakapita Tanganyika, Nyasaland ambayo sasa ni Malawi, Rhodesia zote mbili na Msumbiji, wakafika Afrika Kusini. Wakaingia hospitali zaidi ya 50, na katika kila moja walitoa picha zilezile na kuuliza swali lilelile. Nadhani hapa ndipo penye uzito wa mtu huyu. Alikuwa daktari wa upasuaji mwenye wagonjwa wa kutosha Mulago, lakini alitumia nguvu zake kwenda kuwauliza watu jambo moja mara hamsini na zaidi bila kulibadilisha katikati. Jaribuni kupima urefu wa wanafunzi wa darasa moja kwa kamba inayovutika, mtaona kwa nini swali lisilobadilika lina thamani.

Kabla ya safari alikuwa na dhana: sharti ni kimo cha nchi. Karibu na Ikweta, mahali palipo juu ya futi 5,000 hapakuwa na ugonjwa. Kwa hiyo alitazamia mpaka huo wa futi 5,000 uendelee hadi kusini. Haukuendelea. Kadiri walivyokwenda kusini mpaka ulizidi kushuka, hata mwisho wa safari ugonjwa ulikoma kwenye futi 1,000 hivi. Orodha haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa katika swali.

Ndipo Alexander Haddow, aliyeongoza taasisi ya utafiti wa virusi kule Entebbe, alipoziweka takwimu hizo juu ya ramani ya hali ya hewa. Ikaonekana kwamba mpaka wa kweli ni joto. Ugonjwa ulikuwako mahali ambapo joto la miezi ya baridi halishuki chini ya nyuzi 60 za Fahrenheit, yaani karibu 16 za Selsiasi. Kimo kilikuwa kivuli tu cha joto, kwa kuwa karibu na Ikweta lazima upande juu sana ndipo upate baridi, na kusini baridi hukufuata hadi bondeni. Baadaye, kwa habari za Afrika Magharibi, ikaongezwa mvua: pasipofikia inchi 20 kwa mwaka, ugonjwa ulikuwa adimu. Tazameni sasa kilichotokea. Hawakuanza safari upya. Hospitali zilibaki zilezile, na majibu yalibaki yaleyale. Fanksheni tu ndiyo iliyotolewa ikawekwa nyingine, yenye masharti mawili yaliyounganishwa: joto na mvua.

Mji wetu nao mwaweza kuupima. Arua iko kwenye mita 1,200 hivi, yaani futi 4,000 kasoro kidogo. Joto tunalo. Mvua tunayo kupita inchi 20 mara mbili na zaidi. Jibu ni kweli. Koboko kwetu pia ni kweli. Na kwa hakika ugonjwa ulikuwako, na ungaliko.

Kisha likaja swali la every. Je, kila mahali penye joto na mvua pana ugonjwa huu? Kama ni kila mahali, basi sharti limekamilika na kazi imekwisha. Hapakuwa hivyo. Unguja na Pemba ni visiwa vyenye joto la mwaka mzima na mvua tele, lakini uvimbe wa taya haukuonekana huko ipasavyo. Mtumishi every angesimama hapo, akarudi na neno moja tu, hapana, wala asingekuambia ni nani aliyelivunja sharti. Burkitt na wenzake walitaka kumjua mvunjaji. Visiwa hivyo vina nini? Vilikuwa vimepigana na mbu na malaria kwa nguvu kupita bara. Ndivyo wazo la malaria lilivyozaliwa, ambalo mwaka 1964 Dalldorf wa Marekani na wenzake walilieleza pia: kwamba malaria nyingi, ya mwaka nenda mwaka rudi, huudhoofisha mwili wa mtoto na kuifungulia njia saratani hii.

Upande wa virusi nitaupita upesi, maana watu wengi wamekwisha uandika. Tarehe 22 Machi 1961, kabla ya safari ile ndefu, Burkitt alikuwa London akitoa hotuba katika Middlesex Hospital. Msikilizaji mmoja, Anthony Epstein, alisisimka aliposikia habari za ugonjwa unaofuata hali ya hewa, akaomba vipande vya uvimbe. Vikatumwa kwa ndege kutoka Uganda. Kwa miaka karibu mitatu hakuona kitu. Mwaka 1964 yeye, Bert Achong wa Trinidad na Yvonne Barr wakatangaza virusi vipya walivyoviona kwa darubini ya elektroni. Vilikuwa virusi vya kwanza kufungamanishwa na saratani ya binadamu.

Jambo moja halisemwi sana, nami ningependa lisemwe. Burkitt hakuwaacha watoto wakingoja utafiti uishe. Upasuaji ulikuwa hauwafai, na mashine za mionzi Uganda haikuwa nazo. Basi alijaribu dawa mpya za saratani zilizotoka ng'ambo, kwa vipimo vidogo. Uvimbe wa baadhi ya watoto uliyeyuka katika siku chache, na miongoni mwao wako waliopona kabisa. Wakati huo waganga wengi wa Ulaya waliamini kwamba saratani haiponywi kwa dawa peke yake. Mwaka 1967 Mulago ikapata kituo chake cha limfoma, ambacho ndicho mwanzo wa Uganda Cancer Institute.

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966. Kule Uingereza alianza kazi nyingine ya namna ileile: akaziuliza hospitali za misheni kila mwezi kuhusu maradhi ya utumbo, na akafikia kuamini kwamba Wazungu wanaugua kwa kula unga uliokobolewa mno. Aliandika kitabu juu ya makapi ya nafaka, akawa maarufu kwa hilo kuliko kwa watoto wa Mulago. Wala unga wa muhogo na mtama wa huku kwetu watacheka. Alikufa Uingereza mwezi wa Machi 1993, akiwa na umri wa miaka 82.

Lakini kazi haikuondoka West Nile alipoondoka yeye. Ted Williams aliendelea Kuluva kumwandika kila mtoto mwenye uvimbe huo, kijiji chake na siku ugonjwa ulipoanza. Mwaka 1967 yeye na wenzake wawili walionyesha kwamba watoto waliougua kati ya 1961 na 1965 hawakutawanyika ovyo, bali walikaribiana kwa mahali na kwa wakati, kama katika ugonjwa wa kuambukiza. Kutokana na madaftari hayo, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililoko Lyon, Ufaransa, likaichagua wilaya yetu. Kuanzia 1972 lilichukua damu ya watoto 42,000 wenye afya wa West Nile, likaihifadhi kwenye barafu, likangoja. Babu zetu na bibi zetu wengine walikuwa miongoni mwa watoto hao.

Tafakarini orodha hiyo. Sharti lake halikuweza kujibiwa siku ile, kwa kuwa swali lilikuwa: je, mtoto huyu ataugua? Majibu yalikuja kwa miaka. Taarifa ilipochapishwa mwaka 1978, katika 42,000 walikuwa wamechujwa watoto 14. Watafiti wakaitoa damu yao iliyochukuliwa kabla hawajaugua, wakaipima pamoja na damu ya wenzao wa umri na kijiji kimoja. Wale 14, wakihesabiwa kwa kundi, walikuwa na kingamwili za virusi vya Epstein nyingi kuliko wenzao, miezi na miaka kabla uvimbe haujatokea. Vita vya 1979 vikafika, na kazi ikakatizwa. Kati ya 2010 na 2016 watafiti walirudi Kuluva na hospitali nyingine za Afrika Mashariki. Watoto walikuwa wengine, vijiji vilikuwa vilevile, na maswali yalikuwa mapya, juu ya malaria na juu ya damu tunayoirithi kwa wazazi.